Baridi Imeisha Mitaboni: Venye Utachunga Maji ya Bwawa Kabla Samaki Wakudedie

Kila mwaka ni risto ile ile. Julai inapita, watu wanavua masweta, jua linarudi juu ya Milima ya Iveti na wasee wenye mabwawa ya samaki nyuma ya nyumba wanaanza kuchangamka. Halafu mvua ya kwanza kubwa inanyesha. Msee anaamka saa kumi na mbili asubuhi, anashika ndoo ya chakula, anafika kwa bwawa na kupata tilapia wameelea tumbo juu. Wote. Kabla saa nne kijiji kizima kimeshaamua ni jirani aliweka sumu, ama kuna mtu ako na jicho baya.

Mara nyingi hakuna sumu na jirani hana makosa. Ni maji.

Nayaongea haya nikijua uchungu wake, juu anko wangu alipoteza samaki 150 hivyo hivyo, usiku mmoja wa Oktoba. Walikuwa wauzwe Disemba, na hiyo doh ilikuwa tayari imepangiwa fee ya Januari ya kasini yangu. Akiangalia nyuma, kila kosa alilifanya kati ya Agosti na Oktoba. Na karibu kila kosa lilionekana kama kazi nzuri wakati analifanya.

So hii ni ya wewe mwenye bwawa dogo ocha, ama unatumia mathe pesa ya chakula cha samaki kutoka Kanairo na hujui kinaenda wapi.

Baridi ilifanyia samaki nini

Mitaboni ni wadi ndani ya Kathiani, Kaunti ya Machakos. Ukitaja Ukambani watu wanafikiria joto na vumbi, lakini huku juu, Juni hadi Agosti unalala na blanketi mbili. Samaki hana blanketi. Joto la mwili wake ndilo joto la maji.

Tilapia anajiskia fiti maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo sana na kukua karibu kunasimama. Karibu na 16 anafunga mdomo kabisa, na yakifika 10 au 12 anaanza kufa. Kambare, ama mumi venye watu wa ziwa wanamuita, pia anapenda joto, lakini ako na kiungo maalum karibu na matamvua kinachomsaidia kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Ndio maana maji yakiharibika kambare anaweza kuvumilia na tilapia anakuwa wa kwanza kwenda.

Kwa hivyo miezi mitatu ya baridi samaki wako walikuwa wanaishi kwa akiba ya mwili. Kama ulikuwa unawamwagia chakula kipimo kile kile cha Machi, sehemu kubwa haikuliwa. Ilishuka chini, ikakaa na mavi ya samaki na majani yaliyoangukia ndani. Kwa baridi uchafu unaoza polepole, so huoni shida. Agosti joto likianza kurudi, bakteria wanaamka na kushambulia hiyo stoo yote ya chini kwa mpigo. Wanakula oksijeni, na amonia inapanda. Tena maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na huku mlimani hewa yenyewe ni nyepesi. Yaani samaki anaamka na njaa, anahitaji kupumua zaidi, na chumba kina hewa kidogo kuliko alivyolala.

Hapo katikati, kama kutoka nusu ya Agosti hadi nusu ya Oktoba, ndio msimu wa kurekebisha bwawa. Usidanganywe na video za YouTube. Wazungu wanasafisha mabwawa yao Machi na Aprili, barafu ikiyeyuka, na samaki wao wa mapambo kama koi wanaanza kulishwa maji yakifika karibu nyuzi 10. Tilapia wako wakifika hapo unachimba kaburi. Na Machi kwetu ni mvua ya masika inakuja. Kalenda yao na yetu haziongei.

Themomita kwanza, chakula baadaye

Nunua themomita ya maji. Kitu ndogo tu, haikumalizi mfuko. Ifunge kwa kamba, izamishe mkono mmoja chini ya uso wa maji, na upime saa nne asubuhi kila siku. Ukiona nyuzi 20 zimepitwa siku kadhaa mfululizo, samaki wako tayari kuanza kula. Kuanza tu, usikimbie.

Hesabu ni hivi. Tuseme uko na bwawa la mita 10 kwa 5, hiyo ni mita za mraba 50, na samaki 150. Vua kumi, uwapime kwa mizani ya jikoni, tafuta wastani. Tuseme ni gramu 100 kila mmoja. Samaki wote ni kilo 15. Tilapia wa saizi hiyo wakati wa joto anakula karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, so bwawa zima linahitaji gramu 450. Lakini wiki ya kwanza baada ya baridi peana asilimia 1, hiyo ni gramu 150. Panda kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Gawa mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali pamoja, na usimame uangalie. Chakula kikiwa bado kinaelea baada ya dakika 15, umezidisha.

Usikimbilie kuwavua wakati maji bado ni baridi sana. Kinga yao iko chini, na ukiwakwaruza magamba wanashikwa na kuvu inayokaa kama pamba nyeupe juu ya ngozi. Ukiwashika, mikono iwe imelowa. Aliyeshikwa tayari mtoe, muweke kwa ndoo yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita ya maji, kama dakika 10. Akianza kulala upande mrudishe maji ya kawaida mara moja.

Anko hakupima kitu. Aliona samaki hawajakua tangu Mei, akasema wana njaa, akaongeza chakula mara mbili. Kosa namba moja.

Kipimo cha kiwiko

Sasa maji yenyewe. Rangi unayotaka ni kijani, kama kijani cha ndizi changa. Hiyo kijani ni vijimea vidogo sana ambavyo mchana vinatengeneza oksijeni na pia ni chakula cha tilapia. Shida ni kiasi. Maji yakiwa meupe kama ya kunywa, samaki hana chakula cha asili. Yakiwa mazito kama supu ya minji, uko kwa danger.

Kupima ni bure. Kunja shati, piga magoti kando ya bwawa, nyoosha mkono ndani huku kiganja kikiangalia juu. Shuka polepole hadi kiwiko. Kama kiganja kinapotea ukikaribia kiwiko, maji yako sawa. Kwa lugha ya wataalamu hiyo ni kuona hadi sentimita 25 au 35. Kikipotea kabla nusu ya hapo, acha mbolea, punguza chakula. Ukifika kiwiko na bado unahesabu vidole, maji hayana rutuba. Angalia tu kama rangi ni kijani kweli, juu maji ya kahawia ni matope na hiki kipimo kitakudanganya.

Kama maji ni maskini ndio unaweka mbolea. Kipimo kinachotumika sana Kenya ni gramu 50 za mbolea kavu kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Bwawa letu la mita 50 linapata kilo mbili na nusu kwa wiki. Unaitia kwa gunia, unalifunga kwa kijiti kwenye kona, linavuja taratibu kama majani ya chai. Ukiona maji yanazidi kuwa mazito unatoa gunia. Na kama unalisha tembe kamili za dukani, mbolea yenyewe pengine huhitaji.

Anko alimwaga wilbaro nzima ya mbolea ya kuku, mara moja, mwisho wa Septemba. Piga hesabu: kama ni kilo 40, ameweka ya miezi mitatu na zaidi kwa siku moja. Bwawa likawa kijani hadi watu wakawa wanapiga picha. Manze, lilikuwa linapendeza kweli.

Kwa nini wanakufa alfajiri

Hii ndio sehemu watu wengi hawaambiwi, na ndio inaua.

Vile vijimea vya kijani vinatengeneza oksijeni jua likiwaka tu. Usiku vinapumua kama wewe, vinaivuta. Kwa hivyo oksijeni ya bwawa inapanda mchana, iko juu zaidi jioni, halafu inashuka usiku kucha. Iko chini kabisa kabla jua kuchomoza. Tilapia anataka angalau miligramu 4 au 5 kwa lita ndio akue vizuri. Anaweza kuvumilia kidogo zaidi ya hapo, lakini si kwa siku nyingi.

Sasa weka hiyo kwa Oktoba. Wakamba wanaita mvua ya mwisho wa mwaka mbua ya nthwa, na huku ndio watu wanaitegemea zaidi kupanda. Mawingu yanafunika siku tatu. Hakuna jua, so vijimea havitengenezi kitu, lakini usiku vinaendelea kuvuta. Vingine vinakufa na kuoza, na kuoza pia kunakula oksijeni. Halafu mvua baridi inaingia, inazama juu ni nzito kuliko maji ya moto ya juu, inasukuma maji ya chini yapande. Hayo ya chini hayana oksijeni, yako na gesi inayonuka kama yai viza. Juu ya hiyo mafuriko ya shamba yanaleta tope jekundu. Yote usiku mmoja.

Dalili ziko, lakini lazima uende kuangalia saa kumi na moja na nusu asubuhi na tochi, si saa tatu ukishakunywa chai. Samaki wanakaa juu kwa mstari, midomo imetoka nje, mikia imeshuka. Ukikaribia hawakimbii. Ukirudi saa nne jua likiwaka unapata wamerudi chini na wanaogelea poa, unasema hakuna noma. Iko. Hiyo ilikuwa onyo.

Ukipata hali hiyo: chakula simamisha siku hiyo, mbolea toa. Kama uko na pampu, vuta maji ya bwawa na uyarushe juu yarudi kama mvua, yagonge hewa. Huna pampu, chukua ndoo na kichungi, inua maji juu na uyamwage yapite kwa matundu, na watoi wakusaidie, inachosha. Ukiweza, toa robo hadi theluthi ya maji kutoka chini na uweke mapya. Maji ya mfereji yenye dawa yaache kwanza kwa tangi wazi siku moja au mbili, klorini itoke. Na usikimbilie kumwaga chokaa, eti inasafisha. Chokaa inapandisha pH, na pH ikipanda amonia iliyo ndani inageuka kuwa sumu kali zaidi. Kuna watu wamemaliza samaki wao wenyewe hivyo.

Maji huku ni mali

Sasa, kusema "badilisha theluthi ya maji" ni rahisi kama uko kando ya mto. Bwawa la mita za mraba 50 lenye kina cha mita moja linabeba lita 50,000. Hiyo ni mitungi 2,500 ya lita 20. Theluthi ni mitungi zaidi ya 830. Mwambie hivyo msee wa mkokoteni wa punda uone venye atakuangalia. Hata bila kubadilisha chochote, jua na upepo vikinyonya milimita 5 tu kwa siku, umepoteza lita 250, mitungi 12 na nusu.

Ndio maana Ukambani kuchunga maji mapema ni rahisi kuliko kuyabadilisha. Usiache laina ikitoboka. Udongo wa huku penye kuna mchanga haushiki maji, so wengi wametandika laina nyeusi, na jua linaikausha pale juu penye haifunikwi na maji. Agosti pitia kingo zote na mkono, ziba matundu, funika ukingo wa laina na udongo. Kata majani na matawi yanayoning'inia juu ya bwawa.

Mvua nayo ichukulie kama mgeni wa maana. Chimba mtaro upande wa juu wa bwawa kabla ya Oktoba ndio maji ya shamba yapite kando na tope lake. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya maji na ukingo, na uweke paipu ya kutoa maji yakizidi, yenye wavu mdomoni, la sivyo samaki watahama na mvua. Maji ya mabati ni safi na ya bure, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha vumbi na mavi ya ndege. Hayo yaache yaende, yanayofuata ndio uelekeze kwa bwawa. Maji ya mvua hayana madini mengi, pH yake inayumba haraka, so pima. Unataka ikae kati ya 6.5 na 9.

Maji machafu ya chini ukiyatoa usiyamwage barabarani. Yako na nitrojeni. Peleka kwa sukuma wiki na nyanya, kwa mtaro ama mtungi uliotobolewa. Kuna watu mboga yao ya kiangazi yote inatoka hapo, na kusema ukweli wakati mwingine mboga inalipa haraka kuliko samaki.

Kama ulivuna kabla ya baridi na bwawa la udongo liko tupu, uko na bahati. Likaushe hadi chini kupasuke nyufa, kama wiki mbili hivi. Toa tope jeusi la juu. Halafu tawanya chokaa ya shamba, gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba kama udongo una asidi, ndio ujaze. Hapo chokaa iko sawa juu hakuna samaki ndani. Bwawa jipya la simiti ni kesi ingine: lijaze na kulimwaga mara kadhaa kabla ya kuweka vifaranga, simiti mbichi inapandisha pH vibaya.

Ukichoka, usiliache wazi

Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchangamsha uchumi ambao ndani yake kulikuwa na mabwawa 200 kwa kila eneo bunge kati ya 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa mita za mraba 300, na vifaranga 1,000. Nchi nzima ikachimba. Pesa ya serikali ilipoisha, mengi yaliachwa, na shimo lenye maji bila samaki halikai bure. Linaingiwa na mbu.

Watafiti walijaribu kitu Kisii, wakatoa matokeo 2007: walirudisha tilapia kwa mabwawa yaliyoachwa, na baada ya wiki 15 mbu wanaobeba malaria walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Tilapia anakula viluwiluwi vya mbu. Kwa hivyo bwawa lenye samaki wazima ni afadhali kwa jirani kuliko bwawa lililokufa. Kama samaki wako wamedead na huna doh ya kuanza tena, ama weka vifaranga wachache tu bila mbolea, ama litoe maji kabisa.

Nyasi za kingo zikate pia. Konokono wa kichocho wanapenda hapo, na Machakos inajulikana kwa kichocho; watafiti walikuwa huku wakikichunguza tangu miaka ya 80. Watoto wasiogelee ndani. Na weka ua, mtu wangu, hata wa miti na miiba, wenye lango linalofungwa. Laina ikilowa inateleza kama sabuni, mtoto wa miaka minne akiingia hana pa kushika. Funga kamba nene yenye mafundo kutoka ukingoni hadi ndani, pande mbili. Wavu wa juu unazuia mdiria na korongo, lakini hauzuii mtoto.

Vifaranga wapya usinunue kwa msee wa njiani. Kituo cha utafiti wa samaki cha Sagana, Kirinyaga, kimekuwa kwa hii kazi tangu 1948, na kuna mashamba mengine ya kuzalisha. Uliza madume pekee, juu tilapia wakichanganyika wanazaana hadi unafuga dagaa. Njoo nao mifuko ikiwa na hewa, na kabla kuwafungulia acha mifuko ielee kwa bwawa dakika 15 hadi 20 ndio joto lilingane. Na waweke Septemba mwisho, joto likishatulia. Vifaranga wa Juni ni kuchoma pesa.

Anko alirudi mwaka uliofuata na samaki 100 badala ya 150, na themomita imefungwa kwa kamba ya kiatu. Oktoba ilipofika alikuwa analala na tochi kando ya kitanda. Asubuhi ya pili ya mawingu alipata midomo juu ya maji, akaamsha nyumba nzima, susu akiwemo, wakashika ndoo hadi jua likatoka. Walikufa wanane. Hao wanane waliliwa na paka, na jirani hakushtakiwa.